Muda wa Wajapani ndio muda wetu? Naomba msaada wa maana, tahajia na asili

Mfungashaji ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naombeni mnisaidie, jambo hili limeninyima usingizi tangu juzi.

Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye sehemu ya kufungasha, nina watu 16. Wiki iliyopita nilikabidhiwa slaidi za mafunzo ya kuboresha kazi, nizitafsiri kwa Kiswahili kisha nitengeneze mabango ya ukutani. Ndani yake kuna neno limejirudia karibu kila ukurasa: muda. Limeandikwa hivyohivyo, m-u-d-a, na shabaha ya mafunzo yote ni kuliondoa. Sikuumiza kichwa. Niliona hili ni letu, nikaandika kwa herufi kubwa: TUONDOE MUDA KATIKA KAZI. Chini yake nikaongeza: Muda ni adui wa ubora.

Bango lilidumu siku moja na nusu. Siku ya kwanza niliona watu wanapita, wanasoma, wananyamaza. Siku ya pili kengele ya mapumziko ililia na hakuna aliyenyanyuka. Wote 16 walibaki mezani wanafunga maboksi. Nikamfuata mama mmoja, ndiye mkongwe wetu pale, nikamuuliza mama, mbona hampumziki? Akanijibu huku anakata utepe, hata hakuniangalia: "Si mmeandika wenyewe muda umeondolewa, mwanangu?"

Nililibandua palepale na kuwaomba radhi. Lakini nimebaki na maswali. Je, hili ni neno letu lililosafiri, au limefanana tu? Nikiliandika kwa Kiswahili niliandikeje lisichanganywe? Na maana yake hasa ni ipi? Slaidi zinataja muda wa aina saba, na muda ninaoujua mimi ni mrefu au mfupi, hauna aina.

---

Zamu ya Usiku amejibu:

Pole sana mkuu. Mimi nadhani asili ni moja. Muda wetu tumeutoa kwa Waarabu, na Waarabu walifanya biashara mpaka mbali, pengine neno lilifika hata huko. Maana nazo zinakaribiana, kwa sababu kupoteza muda ni hasara. Ungeandika tu "tusipoteze muda", usingepata shida.

---

Mkalimani amejibu:

Mfungashaji, pole, na ahsante kwa kulileta. Nimewakalimania wakufunzi wa Kijapani kwenye karakana kwa miaka tisa, na neno hili lilinikwaza siku ya kwanza kabisa. Mkufunzi alisimama nyuma ya kijana aliyekuwa akiinama kuokota skrubu kutoka kwenye kasha lililo sakafuni. Akatazama mara tatu, nne, kisha akasema kwa upole: "Muda." Mimi nikamgeukia kijana, nikamwambia: "Anasema muda." Kijana akainua macho kwenye saa ya ukutani, akaanza kuinama haraka zaidi. Mkufunzi alitaka kasha linyanyuliwe liwekwe usawa wa mkono. Kwa neno langu moja, kijana akazidishiwa maumivu ya mgongo. Ndiyo maana naandika kirefu, mnivumilie.

Zamu ya Usiku, nakuheshimu, lakini hapo pana kosa. Kweli muda wetu ni wa Kiarabu: mudda, kutoka mzizi wenye maana ya kunyoosha na kurefusha. Ndugu zake tunao humuhumu: mada tunayojadili, na maada ya kwenye somo la fizikia, mzizi wao ni huo huo. Muda wa Kijapani hauna undugu nao wowote. Ni sauti zimegongana. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi iishie kwa irabu, kwa hiyo maneno yake mengi yakiandikwa kwa herufi za Kirumi unaweza kudhani yamezaliwa kwetu.

Wenyewe huliandika kwa herufi mbili: 無駄. Ya kwanza, mu, ni "pasipo, hakuna". Ya pili, da, imechorwa farasi upande wa kushoto, na maana yake ya kale ni mzigo anaobebeshwa mnyama. Wakufunzi wengi wanapenda kusimulia kwamba muda ni farasi anayetembea bila mzigo: kwato zinachakaa, majani yanaliwa, na hakuna kilichofika. Nimeitafsiri picha hiyo mara nyingi na inaingia vizuri kichwani. Ila usiiweke kwenye slaidi kama asili ya neno. Herufi hizo huhesabiwa kuwa zimebandikwa kwa kufuata sauti.

Maana yake ukiitaka, sikiliza jinsi Wajapani wanavyolitumia nyumbani, nje kabisa ya kiwanda. Mudabanashi ni maongezi yasiyo na maana. Mudazukai ni kutumia fedha ovyo. Mudaashi, ashi ikiwa ni mguu, ni ile safari ya kumfuata mtu ukakuta hayupo. Hebu sasa tafuta neno la Kiswahili linaloingia kote huko. Mimi nimelipata moja tu: bure. Umeongea bure, umetumia bure, umekwenda bure. Wahenga walishaichora: kutwanga maji kwenye kinu. Mchi unapanda na kushuka, jasho linatoka kweli, na ndani ya kinu ni maji.

Sasa kuhusu kiwanda. Aliyelifanya neno hili kuwa la menejimenti ni Taiichi Ohno wa Toyota. (Jina lake liandike Ohno, hiyo h inashikilia o ndefu ya Kijapani.) Aliingia kampuni ya ufumaji ya ukoo wa Toyoda mwaka 1932, akahamia upande wa magari mwaka 1943, na kitabu chake juu ya mfumo wa uzalishaji wa Toyota kilitoka kwa Kijapani mwaka 1978, kisha kwa Kiingereza mwaka 1988. Anaeleza humo kwamba mwaka 1937, akiwa bado kwenye ufumaji, alisikia kuwa mfanyakazi mmoja wa Ujerumani anazalisha mara tatu ya Mjapani, na Mmarekani mara tatu ya Mjerumani. Yaani mmoja kwa tisa. Ohno alijiuliza: hivi Mmarekani ana nguvu za mwili mara tisa yetu? Haiwezekani. Basi lazima kuna kitu sisi tunakifanya bure.

Naomba uzingatie hapo, Mfungashaji, kwa ajili ya watu wako 16. Neno lilianza kwa kukataa kwamba mfanyakazi ni mvivu. Bango lako liliwaambia kinyume chake.

Zile aina saba ni hizi: kuzalisha kupita kinachohitajika, kusubiri, kuhamishahamisha vitu, kukifanyia kitu kazi asiyoihitaji mteja, kulundika akiba, mizunguko ya mwili isiyo na faida, na kutengeneza vyenye kasoro. Hesabu mwenyewe: kati ya saba, ni moja tu, kusubiri, ambayo ni suala la muda kwa maana yetu. Ndiyo maana "tusipoteze muda" haitoshi. Msomaji atafikiria saa na mbio, aziache sita zilizobaki.

Ohno aliichukia ya kwanza kuliko zote, na mimi nimeelewa sababu kwa kuona. Ukizalisha kupita mahitaji, lundo linazuia macho. Mashine ikiharibika, hakuna anayeshtuka kwa kuwa akiba ipo. Kasoro ikiingia, inazikwa chini ya rundo mpaka wiki ya tatu. Lundo lenyewe linadai sehemu, paleti, mtu wa kulihamisha na mtu wa kulihesabu. Bure moja inazaa nyingine.

Jambo la mwisho la tahajia, nalipenda sana. Kijapani "kusogea" ni ugoku, 動く, na "kufanya kazi" ni hataraku, 働く. Tazama herufi hizo mbili. Tofauti ni vistari viwili vilivyoongezwa kushoto, na vistari hivyo ni alama ya mtu. Ohno alisisitiza tofauti hiyo: mtu anayesogea si lazima awe anafanya kazi. Yule kijana wa skrubu alisogea sana asubuhi ile.

---

Stoo Namba Tatu amejibu:

Mkalimani umenifungua macho. Nitachangia upande mmoja tu, kwa sababu huo ndio ninaoishi nao.

Vitini vingi nilivyoona vinatafsiri muda kuwa "upotevu". Kamusi haitakulaumu. Lakini kwetu stoo upotevu una maana yake nyingine: mzigo uliingia 200, umetoka 190, kumi ziko wapi? Siku mkufunzi alipoandika ubaoni UPOTEVU WA AINA SABA, mwenzangu mmoja alianza kukusanya daftari zake za mapokezi aonyeshe kwamba kila kitu kimesainiwa. Somo zima alikuwa anajitetea moyoni. Ubadhirifu na ufujaji ndiyo kabisa, hayo ni maneno ya mkaguzi na polisi. Hasara nayo ni ya mhasibu.

Kwa hiyo "bure" naiunga mkono. Ila uwe macho kwenye bango: "kazi bure" na "kazi ya bure" zimetenganishwa na kijineno kidogo tu. Ya kwanza ni kazi isiyozaa kitu. Ya pili ni kazi isiyolipwa. Ukiandika TUONDOE KAZI YA BURE, watu watakuja ofisini kudai malipo ya saa za ziada, na watakuwa na haki.

---

Kalamu Nyekundu amejibu:

Mimi ni mhariri, viwanda sivijui, lakini tahajia naijua. Mfungashaji uliuliza uliandikeje.

Taabu yake si herufi, ni upatanisho. Muda wetu uko ngeli ya mti: muda huu, muda wetu, muda umekwisha. Ukilivalisha neno la Kijapani viambishi hivyohivyo, hakuna msomaji atakayejua kuwa umebadilisha lugha. Ukiamua kulifanyia wingi, "mida saba", utakuwa umeongeza shida, maana mida inasikika kama nyakati za siku, "mida ya jioni".

Kwenye mwongozo wa maandishi, unaosomwa kwa utulivu, ningeliacha liwe neno geni waziwazi: mlazo (herufi zilizoinama), na upatanisho wa ngeli ya maneno ya kukopa, kama tunavyosema kaizen hii (kuboresha kidogokidogo), kanban ile (kadi ya kuagiza kazi). Kwa hiyo *muda* hii, *muda* saba, *muda* ya kusubiri. Inakwaruza sikio, na huko kukwaruza ndiko kunakomsimamisha msomaji ajue si saa inayozungumziwa. Mtaje Mjapani mara moja mwanzoni, eleza, kisha endelea na Kiswahili. Kwenye bango, usiliandike kabisa. Bango halina nafasi ya kujieleza.

Nimeona pia watu wanabishana kati ya gemba na genba, mahali kazi inapofanyika. Zote sahihi. Herufi za Kijapani zinasoma gen na ba. N ikikutana na b inatamkwa m, mtindo wa zamani wa kuandika kwa Kirumi ulifuata sauti, mtindo mpya unafuata herufi. Mswahili asishangae hilo, nasi tunayo: ubavu, mbavu, ubao, mbao. Kwa sababu hiyo mimi naandika gemba.

---

Zamu ya Usiku amejibu:

Nimesahihishwa na nimekubali, ahsanteni. Swali dogo: kwanini basi dunia nzima imeling'ang'ania neno la Kijapani? Waingereza wanalo neno lao la kitu kinachoharibika bure. Na slaidi za kwetu zina muda, mura na muri kwa pamoja, kama vile mapacha.

---

Mkalimani amejibu:

Swali zuri. Lilivuka sana kupitia watafiti wa Magharibi waliochunguza viwanda vya magari. Mwaka 1988 John Krafcik aliandika makala iliyoupa mtindo wa Toyota jina la uzalishaji mwembamba, usio na mafuta ya ziada. Mwaka 1996 James Womack na Daniel Jones wakatoa kitabu kinachoanza na neno muda kabisa, kabla ya lingine lolote. Ndio hao pia waliogawa muda mafungu mawili: ile isiyoongeza thamani lakini kwa sasa huwezi kuikwepa, na ile unayoweza kuiondoa leo hii. Aina ya nane ya bure, akili za wafanyakazi zisizotumiwa, iliongezwa baadaye na wengine. Kwenye saba za Ohno haimo.

Mura ni kutolingana: leo mzigo mlima, kesho tambarare. Muri ni kumbebesha mtu au mashine kupita uwezo. Mu yake ni ile ile ya "pasipo", na ri ni "sababu, akili". Pasipo akili, basi. Nyumbani Mjapani akisema muri anamaanisha "haiwezekani". Usizichukue kama mapacha wa kupamba slaidi. Mara nyingi mura ndiyo inayozaa muri, na muri inazaa kasoro, ambayo ni muda. Anayeanza kuwinda muda peke yake, akawabana watu wafanye haraka, anaongeza muri. Hilo ndilo lililotokea kwa kijana wangu wa skrubu, na lilitokea kupitia mdomo wangu.

---

Mfungashaji amejibu:

Wakubwa zangu, nimewasoma wote, baadhi mara mbili. Ahsanteni sana. Mrejesho wangu ni huu.

Leo kabla ya zamu nilikaa na wote 16. Neno la Kijapani sikulitaja. Nilisema: nionyesheni mnachokifanya bure. Kisha nikaongeza, simaanishi bila malipo, namaanisha jasho linatoka na mteja hapati kitu. (Stoo Namba Tatu, hiyo ni yako.) Kwanza kimya. Halafu yule mama akasema: "Utepe." Nikamwomba anionyeshe. Rafu ya utepe iko nyuma ya nguzo. Nilitembea naye nikihesabu: hatua 11 kwenda, 11 kurudi, na roli moja inafunga maboksi machache tu kwa sababu tunapewa zile ndogo. Miaka yote nimemwona anapita pale na nikamhesabia kuwa mchapakazi. Na ni mchapakazi kweli. Herufi ile ya mtu pembeni, Mkalimani, niliikumbuka nikiwa hatua ya saba hivi.

Utepe sasa unaning'inia juu ya kila meza kwa kamba.

Baada ya hapo waliongea hadi nikakosa karatasi. Nimeandika mambo tisa. Mengine ni ya mashine, nimeyapeleka kwa mafundi. Moja ni la stoo, mtu wao anakuja kesho tulitazame. La sita lilinichoma: kila boksi linahesabiwa mezani, kisha linahesabiwa upya kwenye meza ya mlangoni na kusainiwa mara ya pili. Nikauliza utaratibu huu uliwekwa na nani. Wakaangaliana. Mama ndiye aliyejibu: "Wewe, mwanangu. Ule mwaka tuliorudishiwa mzigo." Ni kweli. Mteja alirudisha paleti mbili, nikaweka meza ile iwe ya muda, kwa muda wetu huu wa Kiswahili, na sikuiondoa tena.

Kalamu Nyekundu, bango jipya halina neno geni. Limeandikwa: UNAFANYA NINI BURE? TUAMBIE. Chini nimeacha nafasi nyeupe na kalamu imefungwa kwa uzi. Mwongozo wa ofisini nitauandika kwa mlazo kama ulivyoshauri, na nitakuletea kurasa mbili za kwanza uzipitie ukiwa na nafasi.

Meza ya mlangoni naiondoa Jumatatu.